Programu Isiyolalamikiwa

Mtwapa,
Jumamosi, 8 Februari 2025

Sidi mwenzangu,

Salamu nyingi, wewe na mama na wote hapo Jilore. Mimi sijambo, alhamdulillahi, ila chumba hiki cha kupanga kina joto la kukaushia nguo bila kamba.

Najua umeshangaa kupokea karatasi kutoka kwa Kache badala ya meseji. Usishtuke, hakuna aliyekufa. Nimejiwekea mazoezi ya mwaka huu, na mojawapo ni kuandika barua moja kwa mkono kila Jumamosi. Kwenye kompyuta kidole changu kimezoea kufuta. Naandika mstari, naufuta, naandika mwingine, na mwisho sijui tena nilitaka kusema nini. Kwenye karatasi ukikosea, kosa lako linakaa pale linakutazama. Na mtu ninayeweza kumwandikia bila kujitia ustadi ni wewe tu, tangu tulipokuwa tukiandikiana likizo za shule. Kache anakuja soko la hapa na mboga zenu kila Jumamosi, basi yeye ndiye posta yetu.

Mambo yangu unayajua. Tangu ofisi ilipotupunguza Desemba, sijapata kazi nyingine. Mamangu kule Shella, Malindi, bado anaamini kwamba kila asubuhi naenda ofisini, na kila akipiga simu ananiuliza kama nimekula chakula cha mchana. Namjibu nimekula. Kula nakula, hilo si uongo. Lakini sasa tamaa imepatikana. Kuna kampuni ya Nairobi inayowatengenezea wakulima programu. Wanatafuta mtu wa Pwani, na wameniita kwenye usaili tarehe 18 Machi. Wanataka kila mtu aonyeshe kitu kimoja alichokitengeneza mwenyewe na ambacho watu wanakitumia kweli. Mimi kitu hicho ninacho kimoja tu, nacho ni programu ya zamu za maji ya kikundi chenu.

Katika miaka sita ya kazi nimeandika msimbo mwingi wa watu nisiowajua, wa kazi nisizozielewa. Ya Jilore niliiandika kwa mapenzi. Wanachama thelathini na sita, pampu moja mtoni, watu sita kwa siku kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi, na Jumapili pampu inapumzika. Maji yakifika shambani mtu anatuma 1 kwa simu, yasipofika anatuma 0. Basi. Kila nilipotaka kuongeza kitu nilijiuliza nani amekiomba, na kama hakuna, nilikiacha. Wiki mbili za kwanza kulikuwa na mapengo na 0 kadhaa, jambo la kawaida kwa kitu kipya. Tangu tarehe 17 Januari hakuna 0 hata moja. Kila jioni nafungua na kuona 1, 1, 1, sita kwa sita. Hujui raha ninayoipata.

Niambie ukweli, watu wanaionaje? Na yule Fondo, mwenyekiti wenu, aliyekuwa akinitazama kama nimekuja kumuuzia maji ya mto wake mwenyewe, amesemaje?

Wako,
Mahira


Jilore,
Ijumaa, 14 Februari 2025

Mpendwa Mahira,

Barua imefika ikinuka magunia, na mwandiko wako haujapata nafuu tangu kidato cha pili. Mama anakusalimu na anauliza utaolewa lini. Nimemwambia umeolewa na kompyuta. Akasema mahari yake ameila nani.

Hapa tu wazima. Mto umeshuka mpaka tumelazimika kuisogeza pampu. Bamia tunavuna, nyanya zimeshika. Mchicha ulitusumbua kidogo Januari, lakini umerudi.

Programu ipo. Fondo hajasema neno baya juu yake tangu mwezi uliopita, na wewe unamjua Fondo, asiposema neno baya hiyo kwake ni sherehe. Nenda kwenye usaili wako bila wasiwasi. Mtu akikuuliza kama wewe ni hodari, mwambie anipigie mimi simu.

Ningeandika zaidi ila Kache amesimama mlangoni anapiga kelele.

Wako,
Sidi


Jilore,
Jumapili, 16 Februari 2025

Mdogo wangu Lewis,

Hujambo huko Kilifi na watoto wako wa darasa la nne? Nakuandikia kwa sababu hapa nyumbani sina wa kumwambia, na kwa simu nitalia.

Nimemdanganya Mahira, na sasa uongo umenizidi nguvu. Ile programu yake ya maji haitumiki. Ilitumika siku kumi tu.

Unajua tunavyogawana maji tangu pampu ije. Watu kumi na wawili siku ya kwaluka, kumi na wawili kurimaphiri, kumi na wawili kufusa, halafu siku ya nne, jumwa, pampu inalala na hakuna anayeshika jembe. Kesho yake tunaanza upya. Hata asiyejua kusoma hakosi zamu yake. Mahira aliponiuliza Novemba, nilimwambia tunakwenda kwa wiki ya siku saba na tunapumzika Jumapili. Naye akaandika hivyo hivyo.

Basi wiki ya kwanza tu, jumwa ikaangukia Jumatano. Kati ya watu sita wa Jumatano, wanne hawakutokea, na wawili waliofungulia maji wakatukanwa na majirani. Wiki ya pili jumwa ikaja Alhamisi, ugomvi ukawa ule ule. Na kukaa siku saba bila maji katika jua lile la Januari! Matuta manne ya mchicha wa Mama Pola yalikauka yote. Fondo akaita mkutano akasema, "Hii simu ya binti wa Shella ina siku zake, na sisi tuna zetu. Turudi kwenye zetu." Watu wakapiga makofi, na mimi katibu nikaandika kwenye kumbukumbu.

Siku ile ile nilimpigia Mahira nimweleze. Kabla sijafungua mdomo akaniambia alichokuwa akinificha: kwamba amepunguzwa kazi, na kwamba kila siku kitu kinachomtoa kitandani ni kutaka kuona Jilore kunaendaje. Nikamwambia kunaenda vizuri. Tangu hapo, kila jioni nikitoka shambani naketi na simu nawabonyezea watu sita wa siku ile, 1, 1, 1, kana kwamba maji yamewafikia. Katibu ana ruhusa ya kuwabonyezea wasio na simu, basi mimi nawabonyezea wote. Na sasa anakwenda nayo kwenye usaili wa kazi. Wakigundua mbele yake, atakuwa amepoteza kazi na mimi nimempoteza yeye.

Nipe shauri.

Dada yako,
Sidi


Kilifi,
Alhamisi, 20 Februari 2025

Dada, shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilicheka, unisamehe. Kila jioni unabonyeza sita? Mimi kazi ya halali siifanyi kwa bidii hiyo.

Mwambie. Mwambie kabla ya usaili, si baada. Mtu wa kampuni akija kumuuliza Fondo swali moja tu, unaujua mdomo wake.

Lakini kuna kitu hukuniandikia. Mama yetu jina lake ni Jumwa. Wewe siku hizo unazijua kuliko mimi niliyekimbilia mjini. Kwa nini ulimwambia Jumapili? Hilo ndilo utakalolazimika kumweleza, na nadhani ndilo linalokufunga mdomo.

Mdogo wako,
Lewis


Mtwapa,
Jumamosi, 1 Machi 2025

Sidi wangu,

Huenda kesho tukafunga, mwezi ukionekana. Mamangu ameshanitumia tende kutoka Malindi kana kwamba Mtwapa hakuna tende.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini programu ya Jilore imefaulu ilhali zile kubwa tulizoandika ofisini zilikuwa zikilalamikiwa kila siku. Nimejaza kurasa tatu za daftari. Nimefika hapa: programu ni adabu. Mtu mwenye adabu haingii nyumba ya watu akaanza kupanga viti upya. Anatazama wanavyokaa, naye anakaa hivyo hivyo. Zamani nilidhani uhodari ni kuongeza. Siku hizi naona uhodari ni kujua pa kunyamaza. Hata namba ya simu inayotuma kila jibu sikuihifadhi, makusudi, kwa sababu niliona ni upekuzi. Nafikiri kwenu niliingia kwa adabu, na ndiyo maana hakuna anayelalamika.

Na kuna jambo limenichekesha peke yangu. Nimezitazama saa za majibu. Yote sita huingia kati ya saa kumi na moja na dakika tano na saa kumi na moja na dakika tisa, kila siku ya kazi. Watu sita, mashamba sita, dakika nne! Nidhamu hiyo sijaiona hata kwa askari. Nitalitaja kwenye usaili: mpe mtu kitu chepesi, atajipanga mwenyewe.

Sasa habari kubwa. Wameniandikia kwamba baada ya usaili, Alhamisi tarehe 20, wawili kati yao watafuatana nami mpaka Jilore. Wanataka kumwona Fondo na kuwaona watu wakibonyeza. Sidi, naogopa kusema, lakini naona kama kazi hii ni yangu. Nikiipata, nitamwambia mamangu kila kitu siku hiyo hiyo.

Waambie watu nakuja.

Mahira


Jilore,
Ijumaa, 7 Machi 2025

Mahira,

Leo sikuulizi hali. Nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu, kama barua iliyopita.

Wale watu sita wenye nidhamu ya askari ni mimi.

Nakaa kwenye kigoda nje ya jikoni, saa kumi na moja, na simu yangu moja, nakubonyezea. Nimefanya hivyo tangu tarehe 17 Januari. Programu yako iliachwa siku moja kabla. Haikuachwa kwa sababu ni mbaya, iliachwa kwa sababu siku zake si zetu. Sisi maji tunayagawa kwa wiki ya siku nne, kwaluka, kurimaphiri, kufusa, na ya nne ni jumwa. Siku ya jumwa shamba haliguswi. Watu wanakwenda sokoni, wanatembeleana, wanamaliza kesi zao. Wewe uliandika siku saba na Jumapili kwa sababu mimi ndivyo nilivyokwambia.

Sasa nikueleze kwa nini nilisema hivyo. Tulipokuwa kidato cha pili, nilisema bwenini kwamba mamangu aliitwa Jumwa kwa kuwa alizaliwa siku ya jumwa, na kwamba kwetu wiki ina siku nne. Ulicheka. Hukucheka kwa ubaya. Ulicheka ukauliza, "Na mwezi wenu una siku ngapi, kumi?" Bweni zima likacheka nawe, na muhula ule mzima wakaniita Siku Nne. Najua hukumbuki. Halafu Novemba iliyopita tumeketi sebuleni kwenu Shella, mama yako ametuletea kaimati, ukafungua kompyuta ukaniuliza, "Mnapumzika siku gani?" Nina miaka thelathini na mmoja, ni katibu wa kikundi, na bado nililisikia lile bweni. Nikasema Jumapili. Mimi mwenyewe Jumapili niko kanisani, basi nikajiambia si uongo.

Kosa la kwanza ni langu, na la pili, la kukubonyezea, ni langu pia. Niliogopa kukuvunja ulipokuwa umeshavunjika. Lakini Mahira, uliniuliza mimi peke yangu. Hukumuuliza Fondo. Hukumuuliza Mama Pola, ambaye mchicha wake ulikauka. Hukusimama pampuni hata asubuhi moja.

Nimekwambia sasa ili usiende kuaibika mbele za watu. Nakupenda, na ninajua utakasirika.

Sidi


Mtwapa,
Jumamosi, 8 Machi 2025

Sidi,

Kache amesimama hapa akisubiri. Nimesoma.

Mahira


Jilore,
Ijumaa, 14 Machi 2025

Mahira,

Wiki hii sijabonyeza kitu. Nadhani umeona.

Nilimweleza Fondo yote. Nilidhani atanitukana mbele ya watu. Akakuna ndevu, akasema, "Binti wa watu asikose kazi kwa ajili ya siku zetu. Hiyo Alhamisi tutasimama pampuni, kila mtu na simu yake, na tutabonyeza. Mimi mwenyewe nitawaambia wageni hakijapata kutokea kitu kizuri kama hiki." Watu thelathini wamekubali. Mama Pola amesema atavaa leso mpya.

Wala hawafanyi mzaha, wanataka kukusaidia. Nitumie neno moja kwa Kache kesho, nitawapanga. Niko radhi kudanganya tena mara moja kwa ajili yako, ila safari hii utakuwa unajua.

Sidi


Mtwapa,
Jumamosi, 22 Machi 2025

Sidi,

Jumamosi iliyopita Kache alisubiri jibu mpaka akachoka. Neno lenyewe nilikuwa nalo tayari mdomoni, nalo lilikuwa "sawa". Nikamwambia aende tu.

Nilikukasirikia siku sita kamili. Nilikusema peke yangu chumbani, kwa sauti, na saumu yangu. Nilisema umenifanya mjinga, na kwamba rafiki angeniambia siku ya kwanza. Kisha nikarudi kwenye daftari langu nikasoma ukurasa ule wa adabu. Sidi, nilitamani ardhi ipasuke. Niliandika kurasa tatu juu ya kutazama watu wanavyokaa, na mimi sikuwa nimetazama. Nilikuwa nikikusifu wewe kwenye kigoda chako, nikidhani ni wakulima sita.

Jumanne nilikwenda kwenye usaili. Walikuwa watatu, mkubwa wao mama mmoja aitwaye Nyaboke, mpole wa sauti na mkali wa macho. Nikafungua programu nikawaonyesha zile 1 zote. Nikasema, "Hizi zote ni uongo, isipokuwa za siku kumi za mwanzo." Nikawaeleza jumwa, mchicha, na simu moja. Sikukutaja jina. Mmoja wao alifunga daftari lake. Nyaboke akaniuliza, "Na wewe ulijuaje kwamba imekufa?" Nikamjibu sikujua, nilikuwa nikisifu ukimya. Safari ya Alhamisi waliifuta hapo hapo. Wamesema watanijulisha, na sauti ya watu wanaosema hivyo unaijua.

Ningependa kukwambia kwamba niliukataa msaada wa Fondo kwa sababu ya uadilifu. Si uadilifu peke yake. Nilimfikiria Mama Pola ndani ya leso yake mpya, akimsifu mtu aliyemkaushia matuta manne, nikaona haya mpaka nikashindwa kufuturu vizuri.

Kuhusu bweni, silikumbuki. Nimejaribu kwa nguvu zote. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kazi: wewe umelibeba miaka kumi na sita, mimi nililitupa siku ile ile. Nisamehe. Sitasema nilikuwa mtoto. Novemba sikuwa mtoto, na nilikuuliza mnapumzika siku gani kama mtu anayejaza fomu, nikishika la kwanza nililolisikia.

Nataka kuja. Si kurekebisha kitu. Kwa hesabu yangu, ukianzia Jumatano ile ya mwanzo yenye mapengo kwenye programu, jumwa itaangukia tarehe 2 Aprili, baada ya Idi. Nije siku hiyo, watu wakiwa hawana kazi, wapate nafasi ya kunisema.

Mahira


Jilore,
Ijumaa, 28 Machi 2025

Mahira mpenzi,

Hesabu yako ni sawa. Mama ameirudia kwa vidole na amekupasisha.

Njoo. Ukae mzunguko mzima, mpaka jumwa inayofuata. Fondo anasema uje bila kompyuta. Mimi nasema uje na kaimati za mama yako, kwa sababu zile za Novemba sikuweza kuzila kwa raha.

Nilipoisoma barua yako nililia mbele ya Kache, na Kache ameshaitangaza habari mpaka sokoni. Idi njema.

Sidi


Mtwapa,
Jumamosi, 12 Aprili 2025

Sidi,

Mikono yangu bado ina malengelenge, na wanafunzi wangu wananiuliza nimefanya nini. Ndiyo, nina wanafunzi. Nimepata kufundisha siku tatu kwa wiki katika chuo kidogo cha kompyuta hapa hapa Mtwapa. Si kazi niliyoitaka, lakini asubuhi sasa naamka nina pa kwenda.

Ile niliyoitaka nimeikosa. Nyaboke alinipigia mwenyewe Alhamisi. Amesema wamemchukua mwingine, na wenzake wawili hawakutaka mtu aliyekuja na programu iliyokufa. Kisha akasema mwezi wa Juni wanafungua ofisi Kilifi, na ataitafuta namba yangu. Ameniomba nimwandikie yote ya Jilore, na nisiyapambe. Nilimshukuru, nikakata simu, nikalia kidogo, nikaanza kumwandikia.

Mamangu nilimwambia siku ya Idi, kabla ya kuja kwenu. Nilijiandaa kwa hotuba. Akanitazama akasema, "Mwanangu, mtu aliye ofisini hapokei simu saa nne asubuhi kwa mlio wa kwanza. Nilijua tangu Januari. Nilikuwa nangoja uniambie." Kumbe nilizungukwa na watu wanaonificha kwamba wananijua.

Siku zile tano sijazisahau hata saa moja. Fondo alinisema kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri ile jumwa, kisha akaniletea dafu. Kesho yake niliposhika bomba pampuni nilielewa kitu ambacho kompyuta isingeniambia: maji yakifunguliwa huku, tuta la mwisho linangoja karibu saa nzima, na mwenye tuta lile amesimama juani wakati wote huo. Mimi nilikuwa nimeandika kwamba maji yanafika yakifunguliwa.

Basi nimefuta mistari mia nne, imebaki tisini. Haina tena wiki. Inahesabu nne na kurudi moja. Siku ya jumwa haimtumii mtu kitu. Katibu haruhusiwi kumbonyezea yeyote, na asiye na simu ataweka alama ya chaki kwenye ubao wa pampuni, alivyotaka Mama Pola. Itaanza kwaluka ijayo, Jumanne tarehe 15.

Sijui kama wataitumia. Safari hii nimejikataza kuifungua kila jioni. Nakuomba wewe uniambie lilivyo, hata kama ni kwamba wamerudi kwenye vidole vyao. Ukiniambia imekufa, nitasikitika na nitakuamini.

Mahira


Jilore,
Jumamosi, 26 Aprili 2025

Mahira mpenzi,

Nimengoja mizunguko mitatu ili nisikuandikie kwa haraka. Hivi ndivyo ilivyo.

Kati ya watu thelathini na sita, kumi na tisa wanabonyeza wenyewe. Kumi na mmoja wanaweka chaki. Sita hawafanyi lolote na wanasema hawatafanya. Fondo alikuwa akituma 0 kila zamu. Nikamuuliza kwa nini, na maji nimeyaona kwa macho yangu yakiingia shambani kwake. Akasema yamefika, lakini yamefika yakiwa mavivu. Nimekwenda kuangalia, na kweli bomba la upande wake limepasuka chini ya udongo, hatukujua mwaka mzima. Tumeliziba juzi. Jana alituma 1, na akanipigia simu kuhakikisha nimeiona.

Mvua imenyesha mara mbili ikakata, kwa hiyo pampu bado tunaihitaji.

Jumwa iliyopita, Jumanne, tulikuwa na mkutano, na wewe ulikuwa ndani ya ajenda. Mmoja wa wale sita alisimama akasema yeye hana ugomvi na simu, ana ugomvi na mtu anayewapangia wenzake maji ilhali yeye mwenyewe hana hata jani la kumwagilia. Watu wakaguna. Nilijua wanakubaliana naye. Fondo akasema, "Basi jambo hilo ni rahisi." Akakutolea tuta.

Ni tuta moja, mwisho kabisa wa mstari, kule maji yanakochelewa. Umeandikwa mwanachama wa thelathini na saba, siku yako ni kufusa. Mama Pola atakupa mbegu, na amesema hatakulimia. Jina lako nimeliandika mimi kwenye kumbukumbu, nikaharibu herufi moja. Nimeiacha vivyo hivyo.

Zamu yako ya kwanza ni Jumamosi ijayo, tarehe 3 Mei, saa moja asubuhi. Usipotokea, maji yanapita kwa jirani na hakuna atakayekuonea huruma. Njoo na jembe lako, la kuazima hakuna. Yakikufikia utabonyeza 1, yasipokufikia utabonyeza 0, na mimi siku hiyo simu yangu nitaiacha nyumbani.

Sidi